Usukani wa Pikapu ya Marehemu Abuu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Bagamoyo
Jina: Rehani Mbaruku Himid
Umri: Miaka 53
Kabila: Mkwere
Dini: Muislamu
Elimu: Darasa la saba
Kazi: Fundi magari
Makazi: Magomeni, Bagamoyo
Tarehe: 26/11/2024. Kuanza: saa 4:10 asubuhi
Mpokea maelezo: Koplo Najma

Assalaam alaykum, afande. Kabla ya yote nakuuliza afya yako na ya wenzako wa zamu, maana mimi sikulelewa kuanza jambo zito bila salamu. Umeniamkia shikamoo, nimeitika marahaba, na umeniambia mko wazima. Alhamdulillahi. Mimi mwili ni mzima. Umenionya niseme kweli tupu. Nimetawadha kabla ya kutoka nyumbani, kwa hiyo andika, mwanangu, sitakupa kazi ya kufuta.

Nimeambiwa kuwa Msabaha, shemeji yake marehemu Abuu, amefika hapa kueleza kwamba nilimtishia Abuu kifo saa chache kabla hajafa. Maneno aliyoyataja niliyasema kweli, kwa mdomo huu. Naomba tu yaandikwe pamoja na yale yaliyoyatangulia.

Abuu alikuwa mtoto wa mjomba wangu. Kwetu binamu ni mtani wako. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakweo, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Tumetaniana tangu tunasoma chuo cha Kurani. Sikumbuki siku tuliyowahi kuzungumza dakika tano bila mmoja kumchoma mwenzake. Umri wote huo, na ninampenda, sijapata kumwambia neno la maana bila kulivisha mzaha, na yeye hivyo hivyo.

Alikuwa na pikapu ya zamani, nyeupe, ya kubebea mananasi kutoka Kiwangwa. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi aliniletea akisema haishiki njia. Nilikwenda nayo hadi Makurunge na kurudi. Ni kweli, ilikuwa inayumba. Unaushika usukani sawa na gari linakwenda kushoto, unalirudisha linapitiliza kulia, muda wote unalichunga kama mbuzi mwenye kamba ndefu. Ukiuzungusha usukani upana wa viganja viwili, matairi bado hayana habari.

Niliipiga jeki, nikatikisa tairi moja moja. Niliona mambo matatu. Tairodi za mbele, zile fimbo zinazopeleka usukani kwenye matairi, zimekwisha. Bushi za springi za mbele zimelika. Na nyuma alikuwa ameongeza springi ili abebe zaidi, kwa hiyo gari limeinua pua, na gari lililoinua pua halishiki njia. Nilimwambia tairodi zitoke Kariakoo na ile springi ya nyuma itolewe. Akasema springi haitoki, mananasi atayabeba kichwani? Tairodi tukaagiza. Mara ya kwanza zikaja za gari jingine. Tukaagiza tena, tukawa tunasubiri.

Katika kusubiri huko ndipo shetani alipopata nafasi. Kila siku baada ya magharibi Abuu alikuwa akinitangaza barazani. Alisema, "Jamani, mkiumwa msimuite Rehani. Atawapaka grisi, awaambie mkae msubiri Kariakoo." Watu wanacheka, na mimi nacheka. Lakini sikufichi, afande, safari hii iliniingia. Mteja mmoja wa Mapinga aliniuliza kama kweli siku hizi macho yangu hayaoni.

Mnamo tarehe 21/11/2024, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, nilikuwa gereji peke yangu. Pikapu ilikuwa hapo. Juu ya boksi la usukani kuna skrubu moja, imefungwa na nati. Ukiikaza kidogo, ule ulegevu wa usukani unapungua. Kidogo ni robo mzunguko, kisha unatoka barabarani kujaribu. Ukizidisha, usukani unakuwa mkavu, ukiliona gari limesimama utadhani limepona. Ila ukikata kona, usukani haurejei wenyewe. Unabaki pale pale ulipoupeleka, lazima uuvute kwa nguvu. Fundi yeyote anajua hili. Mimi nimelijua miaka thelathini.

Niliikaza karibu mzunguko mzima.

Umeniuliza kwa nini. Nilitaka Abuu ashike usukani jioni ile mbele ya wale wanaocheka, asikie hauchezi, anyamaze. Siku moja tu. Nilikusudia kuilegeza kesho yake kabla hajapakia kitu. Niliizungusha pikapu mle uani, nikahisi inavyobana, nikazima. Funguo nikazitundika kwenye msumari.

Saa tano kasoro dakika kumi Abuu alikuja na mkewe Shufaa na huyo Msabaha, kaka yake Shufaa. Mama yao alikuwa amefariki alfajiri ile Kiwangwa, na maziko yalipangwa baada ya adhuhuri. Shufaa alikuwa analia ndani ya mtandio. Nyuma yao walikuwepo majirani wanne au watano waliobeba maturubai na sufuria za msibani.

Nilimpa Shufaa pole. Nikamwambia Abuu, "Gari bado. Tafuteni jingine."

Akasema, "Jingine nilitoe wapi saa hizi? Maiti hamsubiri fundi wa Kariakoo."

Akanipita, akachukua funguo kwenye msumari. Sikumzuia. Mtani akichukua kitu chako siku ya msiba humnyang'anyi, ndivyo tulivyokuta. Lakini ningeweza kumshika mkono. Mimi ni mkubwa kwake kwa mwili.

Alikaa, akautikisa usukani kushoto na kulia. Haukucheza hata kidogo. Akatoa kichwa dirishani, akawaambia watu, na uso wake ulikuwa wa kweli, haukuwa wa utani, "Jamani, namsema Rehani kila siku, lakini leo nimekubali. Binamu yangu ni fundi." Kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Allah akulipe, ndugu yangu."

Afande, katika umri wangu wote hilo ndilo neno pekee alilowahi kunipa bila mzaha. Nililipokea. Nilisimama pale na spana mkononi, nikalipokea.

Halafu nikaona anawasha. Nikajua lazima niseme. Nilipaswa kusema, "Abuu, teremka, nimeikaza skrubu vibaya, nimekudanganya." Maneno hayo hayamalizi hata pumzi moja. Lakini watu wale walikuwa wananitazama kwa heshima, nikashindwa kuitupa. Nikayasema kwa njia yetu. Nikasema, "Usikimbie nayo wewe! Ukikimbia, leo tutakuzika wewe kabla ya mkweo!"

Hayo ndiyo maneno aliyoyaleta Msabaha kwenu.

Watu walicheka, hata kwenye msiba, kwa kuwa walijua ni utani. Abuu akajibu, "Basi utaniosha wewe, na ole wako unitekenye." Shufaa aliinua uso, akatabasamu huku analia. Waliondoka saa tano na dakika tano, watatu mbele, vyombo nyuma. Niliwaangalia mpaka wakaingia barabara kubwa. Wakati huo ningeweza kupiga simu. Ilikuwa mfukoni. Nilisema moyoni atakwenda taratibu, ana mfiwa garini. Nikaenda kuswali adhuhuri. Sijui kama swala ile ina kitu ndani yake.

Saa saba na robo nilipigiwa simu. Walikuwa wameshapita Makurunge, kwenye kona ya mteremko. Sikuwepo, ninayoyasema hapa ameniambia Shufaa hospitali siku ile ile. Alisema Abuu alikata kona kulia, kisha usukani ukabaki hapo hapo. Hakuwa anakimbia. Alisema Abuu alicheka kidogo, akasema, "Rehani kaukaza kweli huu." Akauvuta kwa mikono miwili. Gari likavuka upande wa pili, likaingia korongoni kwa upande wa dereva. Shufaa alivunjika mguu wa kulia. Msabaha alichubuka uso. Abuu alikufa kabla ya watu kufika.

Tulimzika Ijumaa tarehe 22, saa kumi jioni. Mimi ndiye niliyemwosha. Mikono yangu ilipofika kifuani kwake, pale usukani ulipogonga, waliokuwa wanashika shuka walinihimiza niendelee.

Tarehe 24, siku ya kumaliza tanga, wazee waliniita katikati. Kwetu mtani ndiye anayewatoa watu machozini: anavaa nguo ya marehemu, anaiga mwendo wake, watu wanacheka, msiba unaanguka. Nilikataa. Mzee mmoja akasema, "Rehani, usipofanya wewe nani atafanya? Unataka Abuu aondoke bila mtani?" Wakanivisha kofia yake. Nikakaa juu ya kigoda. Sikupanga, afande, mikono yenyewe ilikwenda, ikashika usukani usiokuwepo, ikatikisa kushoto na kulia. Nikasema kwa sauti yake, "Leo nimekubali." Watu walicheka mpaka wanawake ndani wakapiga vigelegele. Msabaha alikuwa amekaa mlangoni. Yeye peke yake hakucheka. Aliyakumbuka maneno yangu ya Alhamisi, akaondoka. Ndipo akaja kwenu. Simlaumu. Kati ya watu wote wale ndiye aliyeona kitu.

Umeniuliza kama yalikuwa matishio. Hapana. Wallahi sikumtakia Abuu hata mwiba.

Umeniuliza basi kama lilikuwa onyo, kwamba nilimwonya akapuuza. Naona afande kwa huruma yako unanifungulia mlango. Siupiti. Onyo ni neno ambalo mtu analisema ili lisikike. Mimi nililisema ili lichekwe.

Wengine wananiambia ni kudra, siku yake ilifika. Imamu ameniambia hivyo na ninaamini, sina imani nyingine. Lakini aliyeishika spana Alhamisi saa tatu asubuhi hakuwa Malaika.

Jana Jumatatu saa kumi na mbili jioni Shufaa alinipigia simu. Yuko eda, mguu una plasta, watoto wanne. Alisema, "Shemeji Rehani, nimesikia kaka yangu amekuchongea polisi. Usimjali, ana majonzi. Mimi najua mlivyopendana." Kisha akasema polisi wakiliachia gari, anataka nilitengeneze mimi, wapate kuliuza au wapate dereva. Akasema, "Simwamini fundi mwingine. Marehemu mwenyewe alikusifu, neno lake la mwisho la kweli kwa watu lilikuwa hilo."

Nilisema mtandao unakatika, nikazima simu. Na huo ni uongo mwingine, uandike.

Pikapu iko hapa uani kwenu. Naomba mkaguzi afungue boksi la usukani mbele ya Msabaha, aipime ile skrubu imezama kiasi gani, kabla mvua haijaingiza kutu na mtu akasema ni uzee wa gari. Naomba Shufaa asomewe maelezo haya na mtu mwingine, kwa maana mimi nikiyasema kwake nitayageuza mzaha, ninajijua. Na naomba, afande, mnijibu mapema kama mimi ni shahidi au ni mshitakiwa. Anasubiri simu yangu, na sijui nimpigie nikiwa nani.

Niliyoyasema ni haya, yote ni yangu, hakuna aliyenishurutisha.

Sahihi ya shahidi: R. Mbaruku

Nathibitisha kuwa nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa na kumsomea shahidi kwa sauti. Ameyakubali, ila ameomba pale nilipoandika "Niliikaza karibu mzunguko mzima kwa bahati mbaya" nikate maneno matatu ya mwisho. Nimeyakata na ametia sahihi pembeni. Kumaliza: saa 6:05 mchana. Nimemwelekeza aende nyumbani, atajulishwa baada ya ukaguzi wa gari. Hadi saa 9:30 alasiri, ninapokabidhi zamu, bado amekaa kwenye benchi la nje.

Koplo Najma