Githeri Iliyotiwa Chumvi Mara Mbili

Jumamosi, Gakindu. Ukungu umekataa kuondoka tangu asubuhi na vidole vyangu vimekufa ganzi, lakini leo nina raha ya mtoto aliyepewa redio mbovu aifungue.

Kwa wiki kadhaa najifunza jinsi programu ya simu inavyofanya kazi nyingi kwa wakati mmoja. Hatua ya kwanza haikunisumbua: kazi nzito, kama kuvuta taarifa mtandaoni, hupelekwa kando ili skrini isigande. Nikajiona fundi.

Nikakitengenezea chama cha mama, kikundi chao cha kuweka akiba, programu ya kukodisha hema lao. Juzi kwenye majaribio, wanachama wawili walibonyeza pamoja, na kila mmoja akaambiwa hema ni lake, siku ileile. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, harusi na mazishi vikigongana, nani atanyeshewa? Wamenipa hadi kesho baada ya kanisa. Nikishindwa, wataiacha, na mama ndiye aliyenisifia mbele yao.

Niliona aibu. Lakini zaidi ya aibu, nilitaka kujua. Kila mstari nilioukagua ulikuwa sawa.

Basi leo mchana dada yangu Wangari ameonja githeri ya mahindi na maharagwe, akakuta haina chumvi, akaenda stoo kuichukua. Mimi nikapita, nikaonja, nikatia ya mezani. Akarudi, akatia yake.

Hakuna aliyekosea, na githeri haikulika.

Mama alisukuma sahani yake kando. "Kuanzia leo, yule ako na mwiko ndio anaonja na kuweka chumvi. Wengine wangoje."

Nikaacha chakula nikakimbilia kompyuta. Zile simu mbili nazo zilikuwa zimeonja kabla yeyote hajatia! Zote zilikuta hema liko wazi. Sasa nimeweka kufuli: ombi moja linashika mwiko, linakagua, linaandika, linauachilia. Jingine linangoja, kisha linakagua upya. Mimi na Wangari tumebonyeza pamoja hadi akachoka, na kila mara hema limepata mwenyewe mmoja tu.

Mama amepiga pasi kitambaa chake cha chama, tayari kwa kesho. Ninaogopa kidogo.

Ningepumzika sasa, lakini kuna jambo linanikereketa kuhusu kufuli hilo: aliyeshika mwiko akitoka nao kwenda kwa jirani, sisi tuliobaki jikoni tutangoja hadi lini?