Damu ya Punda wa Bibi Mwanaidi

Jumatano, Kilosa. Mawingu tangu asubuhi, mvua bado, na magunia ya mpunga ya Bibi Mwanaidi yamelala shambani Kilangali.

Yamelala huko kwa sababu yangu.

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa bloguni kwamba tunawaua punda kwa kuwakimbiza na mikokoteni ili tuwahi foleni kwenye mashine ya kukoboa. Jina la bibi sikulitaja, ila nilitaja mkokoteni wa bluu, na wa bluu ni mmoja tu. Ushahidi nilikuwa nao. Mpwa wangu Neema, anayesomea udaktari wa mifugo Morogoro, alimtoa damu punda wa bibi saa chache baada ya mbio. Troponini, protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo ikielemewa, ilikuwa juu.

"Mjomba, subiri majibu ya damu ya pili," aliniambia. Hiyo aliichukua kesho yake, punda akiwa amepumzika.

Sikusubiri. Nilikuwa na hasira tamu, sikutaka ipoe.

Majirani wakamsema bibi, naye akamfungia punda zizini.

Leo majibu ya pili yamekuja. Kipimo kimeshuka, kiko kawaida. Neema anasema hata farasi wa mashindano, waliopimwa zaidi kuliko punda wetu, huwa hivyo: wakikimbia kwa nguvu kinapanda, wakipumzika kinashuka. Cha kuogopa ni kisiposhuka.

Mchana nimekwenda kwa Bibi Mwanaidi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na kalamu au na mikono?"

Nikamweleza yote, pamoja na kosa langu. Akatazama mawingu.

"Kwa hiyo punda mzima. Basi yeye atavuta mkokoteni, wewe utabeba kwa baiskeli. Mvua hiyo haisomi blogu."

Nimekwenda safari nne, gunia moja kila safari. Punda alinipita mara mbili, akitembea.

Bado nasema mbio za foleni ni ujinga. Nitaandika hivyo tena, safari hii nikianza na kumsafisha bibi: nitautaja mkokoteni wake wa bluu, na kosa nitaliandika kwa jina langu mwenyewe.

Mvua imeanza. Magunia yote yako ndani.

Moyo unanidunda hadi masikioni. Neema asinipime kabla ya kesho.