Jina la Mama Claudine kwenye Ripoti ya Moto

Jumapili, Kagugu. Vumbi, jua kali, na mimi mwenyewe sijielewi.

Kesho asubuhi natakiwa kupeleka ripoti ofisini Kimihurura: nani aliwasha moto kando ya msitu. Namjua. Nilikuwepo. Hata picha ninayo kwenye simu: Mama Claudine, mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, ameshika tawi bichi, anacheka. Aliniomba nimpige picha, akidhani safari hii nimekuja kujifunza.

Sikumwambia kwamba nimekuja kukagua.

Kuchoma nyasi ni marufuku, na mwaka jana mimi ndiye niliyetumwa kuwakataza. Nimekulia Karagwe, Kiswahili hakinipigi chenga, basi nikawahutubia kwa ujuaji wote wa mtu wa ofisini. Wakanisikiliza. Hawakuchoma. Nyasi zikafika kifuani, zikakauka, na kiangazi kilipokaribia kuisha cheche za tanuri la mkaa zikaingia humo. Msitu uliungua siku mbili. Mizinga yao yote ikateketea.

Mwaka huu wamerudia desturi yao. Wanachoma mapema, umande haujakauka na nyasi zina ubichi chini, ukanda mwembamba tu kuzunguka msitu, ili moto wa kiangazi ukifika hapo ukose cha kula. Mama Claudine alirusha majivu hewani kutazama upepo, akasubiri, akarusha tena. Moto haukupanda juu ya vifundo vya miguu. Ulipofika penye unyevu ulizimika wenyewe, na wenzake wakapigapiga masalia kwa matawi.

Nilimuuliza kama haogopi sheria.

“Mwana wanjye, mwanangu, mwaka jana si tulikusikia? Sasa mizinga iko wapi?”

Niliona aibu, na mpaka sasa naiona.

Lakini kikundi kingine kikiiga bila kuujua upepo, je? Nikimficha huyu nitakuwa nimewafungulia mlango wangapi? Na nikimtaja ataadhibiwa, halafu mwakani hakuna atakayethubutu kuwasha hata njiti, na nyasi zitapanda tena mpaka kifuani. Nawaza hivi, dakika tano baadaye nawaza vile. Chai nimeipasha moto mara mbili na bado sijainywa.

Fomu ina nafasi ya jina la aliyewasha moto mwaka huu. Haina nafasi ya jina la aliyewakataza mwaka jana.

Hilo la pili nimeshaliandika, pembeni, kwa kalamu. Ni jina langu.

La kwanza bado liko wazi, na mkono hautaki.