Upande wa Nyuma wa Kadi

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Magoti yako yanaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaoumwa.

Mwaka jana mkuu wetu wa masjala aliniagiza nikadirie kumbukumbu ya kompyuta ambayo hospitali haitaijaza kamwe. Nilihesabu kadi zote za wagonjwa, kila moja ukurasa mmoja, nikaongeza nusu, pengine zitazidi. Akacheka: “Bwana Pengine! Humo hata wajukuu zetu watapata nafasi!”

Imejaa kwa miezi minne. Kadi zina maandishi nyuma, Shangazi, nami nilihesabu mbele tu. Za karatasi zilishateketezwa baada ya kunakiliwa. Sasa tumeagizwa Ijumaa ya wiki ijayo tufute za marehemu wote ili tupate nafasi. Mkuu anaamini waliotuuzia mitambo walitupunja, na mimi nimenyamaza. Bado niko kwenye majaribio ya kazi. Nifanyeje?

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananuna, ila yananibeba.

Miaka thelathini nilikaa kwenye masjala kama hiyo. Mbele tuliandika ugonjwa, nyuma tuliandika ukoo: nani alidhurika na dawa gani, nani alivuja damu akijifungua. Binti akija mjamzito, daktari huomba kadi ya marehemu mama yake. Mkiifuta, atamuuliza nani?

Na hicho kikomo mlichokitafuta, kitafuteni siku watu watakapoacha kuzaa.

Mficha uchi hazai. Sema. Wakikufukuza, chumba cha uani kipo, ila utafagia mwenyewe.

Shangazi yako

15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umeketi.

Jana asubuhi niliingia kwa mkuu kabla hawajaanza kufuta.

“Mzee, hatukupunjwa. Hesabu niliikosea mimi.”

“Unajua unachosema, kijana?”

“Najua. Ndiyo maana nimekuja kabla hamjafuta.”

Nilimweleza habari ya upande wa nyuma. Akanipeleka kwa mganga mkuu, nikarudia yote. Mganga mkuu akauliza: “Basi taja kiasi ambacho hakitajaa.”

Nikajibu: “Hakipo, daktari. Nikikitaja nitakosea tena.”

Akasimamisha ufutaji, akanipa karatasi niandike makadirio mapya. Nimeandika kwamba kila mwaka tupime upya na tuongeze, mbele na nyuma. Nimetia sahihi yangu, si ya mkuu.

Jumatatu kamati itaamua kama nabaki. Kadi zinabaki.

Mwanao