Helmeti ya Mwenye Miwani

Kyamulimi, 9 Februari 1998

Shangazi mpendwa,

Napiga magoti kukusalimu hukohuko Kampala, Katwe uliko. Cherehani inaendeleaje, na goti lako la kulia? Huku sisi wazima. Baba anakohoa, lakini ni kiko chake tu, usihangaike. Mvua imechelewa na migomba imekunja majani.

Shangazi, nina habari ya kukurusha kwenye kiti. Zahanati imepata pikipiki, na Sista Ildefonsa anataka kunipa mimi! Mimi Nabukeera wako, siyo Lubowa wa stoo ya dawa, ambaye angeishia nayo kwenye vilabu vya waragi. Ni ya kupelekea chanjo ng'ambo ya kinamasi. Unakumbuka surua ya mwaka juzi nilivyofika kule kwa baiskeli, barafu imeshayeyuka, chanjo zote za kumwaga? Sitaki tena kuwatazama wale kina mama usoni nikiwa mikono mitupu.

Anayenifundisha ni Mwalimu Kawuki, jioni, uwanjani pa shule. Anakimbia nyuma ameshika kiti, anapiga kelele, "Achia klachi taratibu, mama wee!" na wanafunzi wake wanatucheka mpaka basi. Ndiyo, Kawuki huyohuyo uliyemkagua Krismasi ukasema ana adabu.

Shida ni moja. Sista kasema bila helmeti hakuna ufunguo, na mtihani ni wiki ya Pasaka. Mjini Masaka nimejaribu mbili, zote zinaning'oa miwani. Na bila miwani unanijua, ng'ombe na mchungaji wake kwangu ni kitu kimoja. Nimeambiwa ya mtu wa miwani iwe na uso mpana, sponji za pembeni zisigandamize mikono ya miwani, lakini pia isicheze kichwani. Nimezungushia kichwa kamba ya mgomba, juu kidogo ya nyusi, nikafunga fundo. Imo humu pamoja na pesa niliyodunduliza. Nichagulie wewe, Shangazi. Sina jicho lingine ninaloliamini kama lako.

Mtoto wako,
Nabukeera

*

Katwe, 21 Februari 1998

Mtoto wa kaka yangu,

Magoti nimeyapokea, sasa simama usije ukachafua sare. Goti langu ni lilelile, likitabiri mvua kuliko redio. Cherehani inakula kuliko mimi: msimu wa harusi umeanza na kila mtu anataka gauni lake la gomesi lishonwe jana.

Pikipiki! Nilisoma mara mbili nikadhani macho yangu nayo yanataka miwani. Hebu niambie, utakaaje? Upande, kama mwanamke mwenye watu wake, au utatawanya miguu kama mwendesha bodaboda? Usijibu, najua. Jirani yangu nimemwambia unapewa baiskeli mpya.

Lakini umeniomba, na mimi siwezi kukunyima kitu. Nimekwenda kwenye maduka ya vipuri nikiwa nimejishika pochi kifuani, vijana wananivuta huku na huku, "Mama, plagi! Mama, mnyororo!" Nikampata mzee mmoja mwenye miwani mizito kama yako, mtaratibu. Akapima kamba yako kwa futi yake, akaniletea nyeupe yenye uso mpana. Akaivaa yeye mwenyewe mbele yangu: helmeti kwanza, miwani baadaye, mikono ya miwani ikateleza ndani bila kugombana na mtu. Akatikisa kichwa kama mbuzi aliyenyeshewa, haikucheza. Nimecheka mpaka nikaketi.

Basi nimeinunua. Inakaa hapa juu ya kabati, inanitazama. Nitampa dereva wa basi wiki ijayo.

Shangazi yako,
Teopista

*

Kyamulimi, 14 Machi 1998

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Hali zetu nzuri, mvua imeanza, na Kawuki ananiambia alipita kwako alipokuja Kampala kwenye kikao cha walimu, ukamlisha ndizi na mchuzi wa karanga hadi akashindwa kunyanyuka. Ahsante kwa kunitunzia mtu.

Helmeti imefika. Shangazi, lakini hii ni nyeusi. Tena inabana! Kuivaa ni kama kujipitisha kwenye shingo ya mtungi. Mikono ya miwani haiingii kabisa, nikilazimisha inanikata juu ya masikio na kichwa kinauma hadi usiku. Nikishusha kioo, kinajaa ukungu wa pumzi, sioni hata mikono yangu. Kawuki kaitazama, akakuna shingo, akasema labda kichwa changu kimenenepa. Nilimrushia glavu.

Je, dereva amechanganya mizigo? Nijibu upesi, Pasaka imekaribia.

Mtoto wako,
Nabukeera

*

Katwe, 20 Machi 1998

Mtoto wa kaka yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila kazi imenielemea, kwa hiyo nitaandika machache.

Dereva hana kosa. Ile nyeupe ilikuwa na ufa, nikairudisha, na mzee akanipa hiyo. Amesema za watu wa miwani zote hubana mwanzoni, vumilia itajiachia. Fumua hizo nywele ulizosuka. Akasema pia, na mimi nakufikishia kama nilivyosikia, kwamba wenye macho kama yako wengi huishia kuacha, si kosa la mtu, ni Mungu alivyowaumba. Duka halibadilishi tena.

Hata ukikosa, mwanangu, usilie. Kazi ya sindano ndani ya zahanati ni kazi ya heshima pia, na unakaa kivulini.

Shangazi yako,
Teopista

*

Kyamulimi, 12 Aprili 1998

Shangazi,

Pasaka njema. Nakuandikia pua ikiwa imegusa karatasi, utaniwia radhi kwa mistari kupinda.

Nilifumua nywele. Nikalala na helmeti imejazwa matambara ili ijiachie. Haikujiachia. Siku ya mtihani nikaona heri nivue miwani, niitie mfukoni, nikariri njia: mbele hadi kwenye mwembe, kulia, kurudi. Sista akapiga filimbi. Nikaenda vizuri, Shangazi, vizuri kabisa, mpaka nikasikia watu wanapiga mayowe. Nilikuwa juu ya mikeka ya kahawa ya masista! Kahawa ikaruka kila upande, nikapiga breki, nikaingia kwenye ua. Miwani ikavunjikia mfukoni. Mimi nimechubuka tu.

Lubowa alicheka mpaka akashikilia mti. Ufunguo amepewa yeye. Sista hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kawuki alinifuta magoti, akasema ni bora ilivyokuwa.

Nilikuwa najiona naweza. Kumbe ni kweli, Mungu ndivyo alivyoniumba. Nikipata nauli nitakuja mjini kutengeneza miwani.

Mtoto wako,
Nabukeera

*

Kyamulimi, 3 Mei 1998

Shangazi,

Natumaini u mzima.

Nimekuja Kampala na nimeondoka. Sikufika kwako. Nilipotoka kwa daktari wa macho nikiwa na miwani mipya, nilisema nipitie kwa yule mzee na hiyo helmeti nyeusi, nimwombe angalau anipunguzie sponji. Nikitoka hapo nilikuwa nakuja kwako, nilikuwa nimekubebea mahindi mabichi.

Mzee aliitambua hata kabla sijaiweka mezani. "Hii si ya yule mama mshonaji? Mbona imefika kwako? Aliniambia ni ya mtoto wa shule." Nikamuuliza ile nyeupe ilikuwa na ufa wapi. Akaivuta kutoka rafuni akanipa niikague mwenyewe. Haina hata mchubuko. Nikaivaa. Nikatelezesha miwani ndani. Ilikaa, Shangazi. Nikashusha kioo, nikakiacha wazi upana wa kidole kama alivyonionyesha, na niliona mpaka ng'ambo ya barabara, nikasoma bei za mkate. Nikalia humohumo ndani ya helmeti, mzee wa watu akadhani inaniumiza.

Wewe unayekata gomesi za nusu ya Katwe bila kukosea kiuno, utakoseaje kichwa changu? Ulikuwa na kamba yangu mkononi. Ulichagua iliyo ndogo kuliko zote, ukaniambia ni Mungu. Mimi nikaamini! Nikafumua nywele! Ningegonga mtoto siku ile badala ya kahawa, ungesemaje?

Surua imeingia tena ng'ambo. Lubowa ameenda mara moja, akarudi mlevi.

Nakuuliza kwa nini. Sitaki salamu, nataka jibu.

Nabukeera

*

Katwe, 10 Mei 1998

Mtoto wa kaka yangu,

Hata hujambo siku hizi hakuna. Haya.

Ndiyo, niliibadilisha. Na ningeibadilisha tena. Wewe unadhani shangazi ni wa kukupeleka harusini na kukuchekea tu? Kazi ya shangazi ni kuona pale ambapo binti haoni, na miwani haisaidii huko.

Kawuki alipokuja hakuja kula ndizi. Alikaa kwenye kiti cha wateja akizungusha kofia mikononi. Mama yake ameapa hataleta hata kikapu kimoja cha posa nyumbani kwenu ikiwa utapanda chuma umetawanya miguu mbele za watu. Akaniambia, "Shangazi, mimi nikimkataza atanichukia. Lakini akishindwa mwenyewe, yamekwisha." Helmeti ilikuwa juu ya kabati, akaiona. Ni yeye aliyesema, ichukuliwe inayobana. Mimi nilienda dukani tu.

Basi, sasa umejua. Amekupenda mpaka akaogopa kukukosa, hilo ni kosa? Una miaka ishirini na minane. Zahanati haitakuzalia watoto. Kasirika wiki hii, wiki ijayo niandikie, tupange siku ya wageni kuja kukuposa. Gomesi lako nimeshalikata, la hariri, rangi ya machungwa.

Shangazi yako anayekupenda,
Teopista

*

Kyamulimi, 30 Mei 1998

Shangazi,

Nakusalimu. Sisi wazima.

Nimekusikia. Pangeni siku.

Nabukeera

*

Katwe, 19 Julai 1998

Nabukeera,

Sijui nianze na salamu ipi. Baba yako hajambo? Ameanza kula?

Hii ni barua ya tatu, mbili hukuzijibu. Tangu ile Jumamosi silali. Nilikuvalisha kwa mikono yangu, nikakufunga mshipi, nikakupaka mafuta shingoni, na ulinitazama kwenye kioo kwa upole. Nikasema afadhali, mtoto ameelewa. Nikakutoa nje nikiwa nimevimba kwa fahari. Mahema mawili, kijiji kizima, vikapu vya wageni vimepangwa hadi barabarani, mama yake Kawuki amekaa mbele kama malkia. Ukapiga magoti kwenye mkeka. Msemaji wetu akakuuliza lile swali ambalo kila binti huulizwa na kila mtu anajua jibu lake: "Mwanetu, hawa wageni unawajua?"

Ukasema, "Siwajui."

Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha. Akarudia. Ukaondoa nywele usoni, ukamtazama Kawuki moja kwa moja. "Nilidhani namjua. Simjui." Ukainuka ukaingia ndani. Unajua ni nani aliyebaki amepiga magoti kwenye ule mkeka? Mimi! Na goti langu hili! Kawuki alilia kama mtoto. Wageni walipakia vikapu vyao mbele ya macho yetu, kuku mmoja akakata kamba, wakamkimbiza uwanja mzima, na hakuna aliyecheka.

Wateja wangu wameisikia hadi huku. Wananipa vitambaa wakiangalia pembeni. Umenisaliti, mwanangu. Nilichokufanyia nilikifanya faraghani na kwa upendo, wewe umenilipa hadharani. Ungeniambia chumbani, tukiwa wawili, tungewarudisha wageni njiani kwa kisingizio chochote, msiba, homa, lolote. Kwa nini ulingoja mpaka watu wote wakae?

Nijibu, hata kwa matusi.

Shangazi yako,
Teopista

*

Kyamulimi, 2 Agosti 1998

Shangazi,

Hujambo. Baba anakula, ila haongei nami. Pikipiki bado iko kwa Lubowa, mimi niko na baiskeli na ndoo ya barafu. Wiki hii tumezika wawili ng'ambo.

Unaniuliza kwa nini nilingoja siku ile. Nimefikiria sana nikujibu nini. Mama yake Kawuki aliapa bila kuniita. Kawuki alifunga safari hadi kwako, na mimi alikuwa ananiona kila jioni. Wewe ulienda dukani mara mbili na kalamu unayo. Mmeamua ninyi watatu, mkanipimia kichwa na maisha, na hakuna aliyenigeukia akasema, Nabukeera, wewe wasemaje?

Nilingoja, Shangazi, kwa sababu ile ndiyo siku ya kwanza mtu yeyote aliniuliza.

Nabukeera