Nimemfungia Baba Nje ya Bustani Tuliyoifufua

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kufikiri, maana peke yangu nazunguka palepale.

Mtaani kwetu kuna bustani kongwe yenye mabenchi ya mawe na bwawa la mviringo, vilivyojengwa kabla babu zetu hawajazaliwa, na kwa miaka mingi ilikuwa pori na jalala, hadi majirani tukaamua kujitolea, kila Jumamosi tukafyeka, tukazibua mifereji, tukasugua mawe kwa brashi, ikapendeza kweli, kiasi kwamba watu wasiowahi kushika hata reki wakaanza kuja kupunga upepo na kutuachia maganda, ndipo mwenyekiti wetu, mama mwenye duka la dawa, akasema, "Wasiofyeka wakae kwao," tukacheka, tukaweka kufuli, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyonyooshwa.

Baba yangu ni fundi cherehani mstaafu, magoti hayakunjiki. Benchi la karibu na bwawa alilikalia hata enzi za pori, yeye na nyoka, kama mama anavyomtania. Jumamosi iliyopita zamu ya lango ilikuwa yangu, naye akaja na gazeti lake.

"Nifungulie, mwanangu."

"Baba, nikikufungulia wewe, wenzangu nitawaambia nini?"

"Haya, bosi."

Akaketi kwenye ukingo wa barabara, akafungua gazeti. Mimi nikaendelea kufagia upande wa ndani. Sikulia, ila baadaye niligundua nilikuwa nafagia mahali palepale.

Tangu siku hiyo anasomea sebuleni, na ananisalimia vizuri tu, jambo ambalo ndilo linalonishinda. Sheria ile ndiyo iliyotuongezea wafyekaji, nikiipinga huenda pori likarudi, na Jumamosi hii tunapiga kura iwe ya kudumu. Nifanyeje?

Mshika Ufunguo

Mshika Ufunguo, pole. Umeeleza kila kitu isipokuwa kwamba uliona aibu. Neno hilo umelizunguka barua nzima.

Hasira yenu juu ya maganda naielewa. Lakini mlipokea pori la wote, mkarudisha sebule ya wachache. Mliojitolea mlitoa jasho lenu, sasa mnalidai tena kwa kufuli.

Usithubutu kumpenyeza baba yako kisirisiri. Mzee mwingine mwenye magoti kama yake hana mtoto wake langoni. Jumamosi, kabla ya kura, simama useme ulimfungia nani nje, kwa sauti ya kawaida. Pendekeza kufuli liwe la usiku tu, na anayeacha maganda aambiwe usoni, akabidhiwe ufagio. Wapo watakaosusa. Waache wasuse, mlianza wachache. Ukishindwa kura, rudisha ufunguo palepale, uendelee kufyeka, ila langoni asimame mwingine.

Kuhusu baba, usingoje Jumamosi wala usimtume mama. Leo hii kaa karibu naye umwambie, "Baba, nilikukosea." Atakutania. Vumilia, na usianze kumweleza habari za kura.