Mahali pa Kuinua Mguu

Mafiga, 3 Machi 1994

Mjomba Yohana, shikamoo. Natumaini mvua za Kisaki zimekuacha salama. Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo haina raha.

Tangu tupunguzwe kiwandani Januari sijapata kazi. Sasa shule mpya ya binafsi inatafuta mwalimu wa muziki. Mkuu wao, Mama Regina, amenipa kipande cha kurasa mbili nikipige mbele yake tarehe 26. Nawe uliyenifundisha wajua mimi nimezoea kinanda cha kukanyaga cha parokia: miguu ikisimama, sauti inakufa. Kwenye piano ya shule pedali hurefusha sauti, nami naikanyaga bila kupumzika, na sauti zinarundikana kama maji ya mto wakati wa masika. Naogopa, mjomba. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Editha

Kisaki, 11 Machi

Marahaba mpwa wangu. Huku hatujambo, mpunga umesimama vizuri.

Siku tatu piga bila pedali kabisa. Vidole vikishajua njia, kanyaga baada ya kidole kugusa, si pamoja nacho. Besi ikibadilika, inua, kanyaga tena. Kila mahali utakapochagua weka alama ya penseli. Mguu ufuate sikio.

Mjomba wako,
Yohana

Mafiga, 17 Machi

Shikamoo mjomba.

Nimeweka alama zote isipokuwa moja. Ukurasa wa pili, mkono wa kushoto unaiacha besi chini na kuruka juu. Nikishikilia pedali, wimbo unavurugika. Nikiinua, besi inakatika na panabaki kimya kinachonitisha. Tafadhali nichagulie. Barua nampa Petro, dereva wa lori la mbao, aifikishe mkononi mwako.

Mpwa wako,
Editha

Mafiga, 27 Machi

Shikamoo mjomba. Jibu nililingoja posta kila siku, halikuja.

Jana nilikaa kwenye piano. Nilipofika pale nikainua mguu. Besi ikakatika. Nikaona hata kalamu ya Mama Regina imesimama, nikajua nimekwisha, ila nikaendelea. Nilipomaliza akaniuliza, "Pale nani alikuambia uinue?"

Nikamjibu hakuna.

Akasema nianze baada ya Pasaka. Lakini umepatwa na nini, mjomba? Silali kwa kukuwazia.

Mpwa wako,
Editha

Kisaki, 4 Aprili

Marahaba mpwa wangu, na hongera. Mimi mzima, ondoa hofu.

Petro alinikabidhi barua yako tarehe 19. Mara mbili nilikuandikia ushikilie pedali, mara mbili nikaichana barua. Piano hiyo siijui, chumba hicho sijakisikia. Niliogopa, Editha. Niliogopa ukose kazi kwa mguu wangu.

Mjomba wako,
Yohana